Mombasa hadi Wilson wakati wa kipupwe: ukaguzi wa ndege, mawingu ya Nairobi na viwanja kufungwa

nyali172 aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua njia hii vizuri. Mpango ni kuondoka uwanja wa Moi, Mombasa, wiki ya pili ya Julai na ndege ndogo ya Cessna 172N, watu wawili na mabegi mepesi, hadi uwanja wa Wilson, Nairobi. Tunalala usiku mmoja, halafu tunarudi kupitia uwanja wa murram upande wa Tsavo Mashariki kabla ya kushuka pwani. Leseni ni ya binafsi, sina kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo, kwa hiyo ni kuona kwa macho mwanzo mpaka mwisho. Matangi ni ya kawaida, galoni 40 zinazotumika.

Ndege imelala nje tangu masika. Imefunikwa turubai sehemu ya vioo tu.

Maswali ni matatu. Kwanza, nikague nini zaidi ya orodha ya kila siku? Pili, mawingu ya Nairobi ya Julai nayapangaje? Tatu, nitajuaje kwa uhakika kwamba kiwanja kiko wazi? NOTAM (matangazo rasmi kwa marubani) nazisoma lakini mara nyingi zinanichanganya, hasa saa.

fundi_wa_magneto alijibu:

Bwana Nyali, ndege iliyolala nje Mombasa tangu masika usiikague kama iliyoruka jana. Kilichoishambulia ni maji na chumvi. Tenga siku nzima kabla ya safari, usiifanye kazi hii asubuhi ya kuondoka huku abiria amesimama na begi.

Anza na mafuta. Tangi lililobaki nusu linavuta hewa yenye unyevu usiku na kutoa maji ubavuni, na juu ya hilo mpira wa kifuniko cha tangi ukikauka mvua inaingia moja kwa moja. Kwenye mabawa ya 172 za zamani kifuniko kiko kwenye kishimo kidogo, maji yanatuama hapo kama kwenye kisahani. Fungua, pitisha kidole kwenye mpira. Ukiona umepasuka au umekuwa mgumu kama plastiki, badilisha. Bei yake haifiki hata lita chache za mafuta.

Kisha toa sampuli kabla hujaisukuma ndege hata hatua moja, ikiwa imesimama sawa. Maji ni mazito kuliko avgas (petroli ya ndege), yanakaa chini, lakini ukiitikisa ndege yanatawanyika na kukuficha. Anza na matangi, kushoto na kulia, ndipo uende kwenye chujio la mbele ambalo kivuto chake kiko pale pa kupimia oili. Kivute kama sekunde nne. Inua kikombe kwenye mwanga, uweke kitu cheupe nyuma yake. Avgas ya 100LL ni buluu. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapoponea chupuchupu: ukiona kikombe chote ni kisafi, hakina mstari wa kutenganisha, usifurahi. Kinaweza kuwa maji matupu. Tafuta ile buluu, na unuse. Ukiwa na shaka, ongeza mafuta unayoyajua kwenye kikombe hichohicho uone kama yatajitenga.

Ukipata maji popote, usitoe vikombe viwili ukasema yameisha. Tikisa mabawa taratibu, bonyeza mkia chini kisha uuachie, ngoja, toa tena. Kuna plagi nyingine ya kutolea maji chini ya swichi ya kuchagulia tangi, nayo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Kitabu cha ndege kinaagiza ifunguliwe endapo maji yameonekana, na hiyo ni kazi ya fundi. Baada ya kujaza mafuta, ipe ndege robo saa hivi itulie kabla ya kutoa sampuli nyingine.

Nje: toa kifuniko cha pitoti (bomba la kupimia mwendo) na umulike ndani kwa tochi. Nyigu anaweza kujenga nyumba ya udongo mle ndani kwa siku moja, na ndege yako imekaa miezi. Usipulize kwa mdomo, usichomeke waya, utaharibu kipimo cha mwendo. Matundu ya statiki (ya kupimia shinikizo la hewa) yafute kwa kitambaa. Angalia kipumulio cha tangi chini ya bawa la kushoto kama hakijazibwa. Mulika ndani ya boneti, nyuma ya silinda, na ndani ya koni ya mkia: shomoro wanapenda sana sehemu hizo, na majani makavu juu ya ekzosi ni moto unaosubiri cheche. Matundu ya kutolea maji chini ya eleveta na aileroni (vibawa vya kuongozea ndege, mkiani na kwenye mabawa) yazibue. Maji na matope yakikaa nyuma ya bawaba, usawa wa eleveta unaharibika, na kwa mwendo mkubwa inaweza kuanza kupigapiga.

Oili: 172N inachukua kwota 6, usiruke chini ya 4, na kwa safari ndefu kama hii jaza zote 6. Tafadhali usiizungushe propela kwa mkono "kuamsha injini", na usiiwashe ardhini dakika tano halafu uzime. Injini isiyofikia joto la kazi haichemshi unyevu ulio ndani ya oili, inauongeza. Chumvi ya hapa ikikutana na unyevu huo, shafti ya kamu inaota kutu. Bora iruke nusu saa kamili siku moja kabla, uone na hali ya kila kipimo.

Magneto (vifaa viwili vya kutoa cheche za injini): kwa 1700 RPM (mizunguko kwa dakika), kila upande usishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 50. Baada ya unyevu mrefu upande mmoja unaweza kukohoa. Acha injini ipate joto, punguza miksha (kiasi cha mafuta yanayochanganywa na hewa) kidogo kwa dakika moja hivi kusafisha plagi za cheche, jaribu tena. Ikibaki vilevile, safari imeahirishwa.

La mwisho kwangu ni hita. Mombasa hakuna anayeigusa mwaka mzima. Juu ya futi 8,000 mwezi wa saba joto la nje linaweza kuwa nyuzi 10 hivi, abiria ataiomba. Hewa ya hita inapita kwenye koti la chuma lililozunguka ekzosi. Koti likiwa na ekzosi iliyopasuka ndani yake, unavuta kaboni monoksaidi, haina harufu, na dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na kuona uvivu wa kufikiri. Mwambie fundi alifungue koti hilo aangalie kwa macho. Nunua kipimo cha elektroniki chenye kengele, usitegemee kile kikadi cha kubadilika rangi.

mkufunzi_kusi alijibu:

Fundi kasema kweli tupu. Mimi nachukua mawingu.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni kwamba kwenye njia hii wingu halikushukii. Ni ardhi inayokupandisha hadi ulifikie. Moi iko futi 200 hivi juu ya bahari. Voi karibu 1,900. Mtito Andei karibu 2,500. Makindu 3,300 hivi. Konza imeshavuka 5,000, na Wilson ni takriban 5,500. Kusi inasukuma hewa yenye unyevu kutoka baharini, inapanda mteremko huo pamoja nawe, inapoa, na kufikia ukingo wa nyanda za juu inakuwa wingu tambarare la kijivu. Rubani anayeruka chini ya wingu kutoka Voi anaona kila kitu kiko shwari: wingu liko palepale, mwonekano mzuri, barabara ya Nairobi na reli ya SGR ziko chini yake. Anachokosa kuona ni kwamba nafasi kati ya wingu na ardhi inapungua kila dakika. Baada ya Emali amebanwa. Vilima vya Ukambani vimeingia wingu kulia, Chyulu ambayo inafika futi 7,000 na ushei imebaki nyuma kushoto, nayo imefunikwa.

Kwa hiyo METAR (ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja) ya Wilson isome pamoja na kimo cha ardhi. Tuseme, mfano wa kufundishia tu:

HKNW 110500Z 16004KT 8000 OVC006 13/12 Q1025

OVC006 ni wingu zito futi 600 juu ya kiwanja, si juu ya bahari. Angalia 13/12: joto na kiwango cha umande vimeachana nyuzi moja tu. Kila nyuzi moja ya tofauti ni kama futi 400 za kimo cha wingu, basi hata bila ile OVC ungejua wingu liko chini. Unachosubiri ni tofauti hiyo ifike nyuzi 4 au 5. Kwa kawaida ya Julai wingu huanza kupasuka kati ya saa nne na saa sita mchana. Siku nyingine halipasuki kabisa, Nairobi inabaki kijivu hadi jioni.

Kisheria, ndani ya eneo linalodhibitiwa, VFR (kuruka kwa kuona kwa macho) ya kawaida inataka wingu lisiwe chini ya futi 1,500 na mwonekano usipungue kilomita 5. Chini ya hapo unahitaji kibali maalum kutoka kwa mnara wa kuongozea ndege, na mnara una haki ya kukataa au kukuweka ukizunguka ukisubiri ndege za ratiba. Usipange safari kwa kutegemea kibali hicho.

Kuhusu saa, kuna njia rahisi ambayo sisi wasema Kiswahili tunayo na wengine hawana. Saa za ripoti zote ni Z (saa ya dunia, UTC). Saa ya Afrika Mashariki ni Z ongeza tatu, lakini saa yetu ya Kiswahili ni Z toa tatu. 0500Z ni saa mbili asubuhi. 0900Z ni saa sita mchana. 1500Z ni saa kumi na mbili jioni. Ukizoea hivyo hutapotea tena. (Kwa 0000Z hadi 0300Z ongeza tisa: 0100Z ni saa kumi alfajiri.)

Kwa hiyo usiondoke Mombasa kabla ya 0600Z, yaani saa tatu asubuhi. Safari ni maili 230 hivi za baharini. Kwa mwendo wa noti 105 (maili hizo kwa saa) ni saa mbili na dakika kumi, utafika saa tano na kitu, wakati wingu lina nafasi ya kuwa limepasuka.

Kimo: unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo ni maelfu shufwa na futi mia tano. 6,500 inakuacha na futi elfu moja tu juu ya Konza. Chagua 8,500 kama anga inaruhusu. Ila tahadhari na mtego wa pili: kuruka juu ya wingu. Jua linawaka, chini ni sufi nyeupe, raha tupu, halafu unafika Nairobi hakuna tundu la kushukia. Asiye na kibali cha vyombo asivuke Makindu juu ya wingu lisilo na matundu, hata kama Wilson wamesema linaanza kupasuka.

nyali172:

Shukrani sana fundi, shukrani mwalimu. Hiyo ya kutoa tatu sikuwahi kuifikiria. Mwalimu, nikifika Konza nikakuta pamefungwa, si narudi tu Mombasa? Galoni 40 si zinatosha?

mkufunzi_kusi:

Tufanye hesabu pamoja, ndugu yangu, maana swali hili ndilo linaloamua safari yako.

Galoni 40 ni lita 151. Injini inakunywa kama lita 30 kwa saa ukiipunguzia miksha vizuri. Kuwasha, kutembea ardhini na kupanda, weka lita 8 za ziada. Mombasa hadi Konza ni maili 200 hivi, karibu saa 1 na dakika 54, lita 57. Ukiwa Konza umetumia lita 65, zimebaki 86.

Sasa unageuka, na ile kusi iliyokuwa inakusukuma mgongoni inakupiga usoni. Tuseme mwendo wako juu ya ardhi unashuka hadi noti 95. Maili 200 ni saa mbili na dakika sita, lita 63. Jumla 128. Weka akiba ya dakika 45, lita 23. Jumla 151.

Hesabu imeishia kwenye tone la mwisho. Wingu moja la kulikwepa, dakika kumi za kuzunguka Konza ukitumaini, na unakula akiba. Sheria ya VFR ya mchana inakuruhusu akiba ya dakika 30, lakini mimi simfundishi mtu kupanga hivyo kwenye njia yenye vituo vichache kama hii.

Kurudi Voi tu: maili 130 hivi, saa 1 na dakika 22, lita 41. Jumla 65 na 41 na 23, ni 129. Hapo una lita 22 za kupumua. Kwa hiyo mahali pako pa kurudi ni Voi, au Mtito Andei iliyo karibu zaidi, na ni lazima ujue kabla hujaondoka kwamba viwanja hivyo viko wazi na vikavu. Sehemu ya kuamua isiwe Konza, iwe Makindu. Andika kwenye karatasi ya goti: "Makindu: naona vilima vya mbele? Wilson ni 1,500 au zaidi? Kama hapana kwa lolote, geuka." Ukishaandika kabla ya safari, ukiwa kule unatekeleza tu, hubishani na moyo wako.

Na piga simu. Mtu aliye Emali au Sultan Hamud akitoka nje ya duka atakwambia kama anaona vilima. Hiyo ni taarifa ambayo METAR ya Wilson haina.

pwani_vfr:

Wadau, kwa swali la kiwanja kufungwa, mimi naona NOTAM ikiwa safi uko sawa. Tusimtishe kaka.

dawati_la_mpango:

Hapana kaka, hapo napinga. Kiwanja kinafungwa kwa njia tatu, na NOTAM inakuambia moja tu.

Kuna kufungwa kwa karatasi: matengenezo, msafara wa kiongozi, taa mbovu, ndege iliyokwama. Hiyo iko kwenye NOTAM. Kuna kufungwa kwa hali ya hewa, ambako hakuna anayeandika NOTAM. Kiwanja kiko wazi kabisa isipokuwa wewe wa VFR huruhusiwi kuingia. Na kuna kufungwa kwa ardhi yenyewe: tope, nyasi ndefu, ng'ombe. Kwa viwanja vya binafsi na vya mbugani usitegemee kuikuta kwenye karatasi yoyote. Anayejua ni mwenye uwanja au askari wa getini.

Kwa hiyo karatasi ni mwanzo. Nyali, tuichambue moja uone haina ugumu. Huu ni mfano wa kutunga:

A) HKMO B) 2507140500 C) 2507141100 EST E) RWY 03/21 CLSD DUE WIP

A ni kiwanja: HKMO ni Moi, HKNW ni Wilson, HKML ni Malindi. B ni mwanzo: mwaka 25, mwezi 07, tarehe 14, saa 0500Z. Tumia kanuni ya mwalimu: saa mbili asubuhi. C ni mwisho, 1100Z, saa nane mchana. CLSD ni kufungwa, WIP ni kazi inaendelea.

Tazama vitu viwili. Hapo imefungwa barabara ya kurukia ya 03/21, ile ndefu. Kiwanja hakijafungwa. Kuna 15/33 ambayo ni fupi lakini kwa 172 inatosha vizuri. Usidhani tu kwamba iko wazi, tafuta kama ina NOTAM yake, kisha uliza mnara. Kwenye mstari wa Q (wa msimbo, ambao sikuuweka kwenye mfano huu), herufi QMRLC ni barabara moja imefungwa, QFALC ni kiwanja kizima. Ukizijua hizo mbili umejua theluthi mbili ya habari kabla hujasoma maelezo.

Cha pili ni EST. Maana yake muda wa mwisho ni makadirio. NOTAM ya aina hiyo haifi yenyewe saa nane ikifika. Inabaki hai mpaka itolewe nyingine ya kuifuta au kuibadilisha. Wengi wanasoma saa ya mwisho, wanaondoka wakijua watakuta pamefunguliwa, wanakuta matrekta bado yako barabarani. Ikiwa na EST, piga simu.

Angalia pia kama kuna D). Hapo ndipo wanaweka ratiba ya kila siku. B na C zinaweza kuonyesha wiki tatu nzima ukakata tamaa, kumbe D inasema DAILY 0500-0900, yaani saa mbili hadi saa sita mchana tu. Ondoka mapema au chelewa, basi.

Chukua NOTAM za Moi, Wilson, na JKIA (uwanja mkuu wa Nairobi) pia, kwa sababu anga ya Wilson na ya JKIA ni jirani na zuio la moja linaigusa nyingine. Zisome usiku uliotangulia, kisha tena saa moja kabla ya kuondoka. Unapowasilisha mpango wa safari ofisi ya taarifa za anga, waulize kwa mdomo: kuna chochote kimeingia asubuhi hii? Swali hilo ni la sekunde kumi.

Na mafuta: avgas haipatikani kila kiwanja. Thibitisha Wilson kabla, usiondoke huko kurudi kupitia Tsavo bila kujaza.

fundi_wa_magneto:

Naongeza kitu nilichokisahau, barafu ya kabureta. Watu wa pwani wanaiona ni habari ya Ulaya. 172N ina kabureta, si sindano za kupulizia mafuta kama 172S. Mafuta yakigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye shingo nyembamba, joto mle ndani linashuka hata nyuzi 20 hadi 30. Hewa ya Mombasa ya Julai, nyuzi 25 na umande 21, inatosha kabisa kuganda ndani ya kabureta huku wewe unatoka jasho. Hatari kubwa ni ukipunguza throto (kidhibiti cha nguvu ya injini) kushuka. Dalili ni RPM kupungua taratibu bila wewe kugusa kitu.

Vuta joto la kabureta lote, si nusu. Injini itashuka RPM, na barafu ikiyeyuka itakohoa na kutikisika. Hapo ndipo mkono unataka kuirudisha. Usiirudishe. Ni maji yanapita, subiri mpaka iwe laini. Vuta kabla ya kupunguza throto, si baada, kwani ekzosi ikishapoa haina joto la kukupa. Ila kwenye murram usiiache imevutwa ukiwa ardhini, hewa hiyo haipiti kwenye filta, utailisha injini vumbi.

zainab_mabawa:

Nyali, hujajibiwa kuhusu ule uwanja wa murram na kuondoka Wilson, niseme hayo.

Wilson kwanza. Baridi isikudanganye kwamba ndege itakuwa na nguvu. Asubuhi ya nyuzi 13 na QNH (shinikizo la hewa) 1025, injini na mabawa vinahisi kama viko futi 6,200 hivi. Ukichelewa hadi mchana jua limetoka, nyuzi 24, ni kama 7,500. Kitabu cha 172N kinasema juu ya futi 3,000 upunguze miksha upate RPM ya juu kabisa kabla ya kuondoka. Mazoea ya Mombasa ya kusukuma miksha yote mbele yatakunyang'anya nguvu pale unapozihitaji. Na ukitua Wilson pia, usisukume yote mbele kwa mazoea.

Umande wa asubuhi kwenye bawa futa. Ni maji tu Wilson, lakini ukiwahi kulala Kinangop au upande wa Timau unaweza kuamka ukakuta sakitu (umande ulioganda). Sakitu yenye ukwaruzo wa msasa inaweza kuondoa asilimia 30 ya mwinuko wa bawa na kuongeza ukinzani kwa asilimia 40. Haikwanguliwi nusu nusu. Geuza bawa juani, ngoja, futa mpaka likauke.

Sasa murram. Julai Tsavo kwa kawaida ni kavu, lakini udongo mweusi ukinywa maji haukauki haraka, juu unapasuka nyufa ukadhani ni mgumu kumbe chini ni uji. Mwombe aliye kule aendeshe gari barabara nzima kwa kilomita 40 kwa saa. Kama gari linaacha alama ya tairi inayozama, usitue. Muulize pia kama tembo wamepita mvua ilipokuwa imelowesha: nyayo zikikauka ni mashimo ya kuvunja gurudumu la mbele. Mashimo ya ngiri vilevile. Ukifika, pita mara moja chini upande wa barabara, angalia wanyama, angalia kipeperushi cha upepo, ndipo uzunguke kutua.

Umbali wa kuondokea uzidishe, usijumlishe. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ina vipimo vinavyofaa popote: nyasi mbichi zilizolowa mara 1.3, ardhi laini mara 1.25 au zaidi, kisha kinga ya jumla mara 1.33. Kama kitabu kinakupa mita 500 kuvuka kimo cha futi 50, basi 500 mara 1.3 ni 650, mara 1.25 ni 812, mara 1.33 ni 1,080. Uwanja wa mita 900 ulioonekana mkubwa ofisini umeshakuwa mfupi. Hapo acha begi, au acha abiria apande gari hadi Voi.

Na ukirudi Moi ukakuta mvua ya kusi imepita: tairi kubwa za 172 zina shinikizo la psi 29. Kipeuo chake cha pili ni 5.4 hivi, mara 9 ni noti 48. Mwendo huo ndio wa kuanza kuteleza juu ya maji yaliyotuama, na uko karibu kabisa na mwendo wako wa kugusa ardhi. Tangu Novemba 2021 hali ya barabara inaripotiwa kwa namba, 6 ni kavu na 5 ni imelowa tu. Maji yakizidi milimita 3 namba inaanguka hadi 2. Ukisikia 2, tua kwa mwendo sahihi, gusa kwa uthabiti badala ya kuelea, inua flapi, acha breki mpaka mwendo ushuke. Barabara ya 03/21 ina zaidi ya kilomita tatu, huna sababu ya kukanyaga breki mapema.

pwani_vfr:

Dada Zainab na wa dawati, nimeelewa, naondoa kauli yangu. Swali dogo: kama Voi pia kuna wingu chini?

mkufunzi_kusi:

Basi hujaondoka Mombasa. Voi iko futi 1,900 tu. Ikiwa imefungwa huko chini, Makindu na Konza hazina nafasi. Ipigie Voi simu kwanza kabla ya Wilson.

nyali172:

Nimechapisha uzi wote. Ndege inafunguliwa boneti na koti la hita Jumamosi, mipira ya vifuniko nimeagiza miwili. Sehemu ya kuamua nimeiandika Makindu, mahali pa kurudi Voi, kuondoka 0600Z. Mwalimu, tofauti ya joto na umande Wilson ikiwa nyuzi 3 saa hiyo ya kuondoka?

mkufunzi_kusi:

Nyuzi 3 ni kama futi 1,200, bado iko chini ya 1,500. Kaa, kunywa chai, chukua METAR ya 0630 na ya 0700. Ikipanda ripoti mbili mfululizo, nenda. Ikisimama palepale, subiri nyingine. Ila weka kikomo: ukiondoka baada ya 1000Z, saa saba mchana, ukalazimika kugeuka Makindu, utakuwa unatafuta Voi alasiri, na kule giza likiingia usitegemee taa za barabara.

dawati_la_mpango:

Na mkigeuka, iambie redio palepale na ubadilishe mpango wa safari. Mkitua Voi piga simu kuufunga. Usipoufunga, nusu saa baada ya muda mliotarajiwa Wilson utafutaji unaanzishwa.